Mawifi na Breki ya Kushoto

Tone la kwanza la mafuta lilionekana Jumatatu alasiri, na aliyeliona ni wifi. Hilo ndilo lililomchoma Kitinda kuliko tone lenyewe.

Laiti angeliona yeye, angechukua spana, angekaza nati, na mambo yangeishia hapo hapo bila shahidi. Lakini wifi ndiye aliyepiga goti kando ya gurudumu la kushoto la ndege, akapitisha kidole chini ya kiungo cha bomba, akakiinua kikiwa chekundu, kisha akauliza kwa upole, ule upole unaoudhi:

"Hapa panavuja. Hii nati aliikaza nani?"

Ndani ya banda walikuwa watu watatu, na wote walijua jibu. Mwalimu, kaka yake Kitinda, alijifanya anatafuta kitambaa.

"Niliikaza mimi," Kitinda akasema. "Miaka mitatu iliyopita. Siku hiyo wewe hata jina la mtaa huu ulikuwa hulijui."

"Basi imejitahidi," wifi akajibu, akatabasamu. "Miaka mitatu si haba."

Mwalimu akacheka. Kitinda akacheka pia, kwa meno tu.

Kitinda alikuwa fundi breki katika gereji ya mabasi, na jina hilo la utani alilipata nyumbani kwa kuwa kitinda mimba. Kaka yake, mtu wa pekee aliyemtangulia, alifundisha fizikia sekondari, ndiyo maana hata mama yao alimwita Mwalimu. Miaka saba nyuma kaka huyo alinunua michoro ya ndege ndogo ya watu wawili, akakata bati la kwanza la alumini katika banda lililo nyuma ya nyumba ya mama, na watu wakasema amerukwa na akili. Ni Kitinda aliyeshika upande wa pili wa bati lile. Alikuwa hajafikisha miaka ishirini. Siku hiyo kaka alimwambia, "Mdogo wangu, siku ndege hii itakapobeba abiria wa kwanza, abiria huyo ni wewe." Kitinda aliiweka ahadi ile moyoni kama mtu anavyoweka nguo ya sikukuu, anaitoa, anaitazama, anairudisha.

Ndege waliipa jina Kiroboto, kwa udogo wake na kwa matumaini kwamba ingeruka. Miaka sita walikuwa chanda na pete, wao wawili na Kiroboto wao. Kaka akinyoosha mkono bila kutazama, Kitinda anaweka spana iliyo sawa. Ribiti za kuunganisha bati zikipigwa, yeye ndiye aliyebana upande wa ndani, kwa sababu mikono yake ilikuwa myembamba.

Kisha kaka akaoa. Na katika wanawake wote waliojaa duniani, akamwoa fundi wa ndege.

Wifi alifanya kazi kwenye karakana ya uwanja mdogo wa ndege, mwendo wa nusu saa kutoka mtaani kwao. Alikuja na daftari. Alikuja na kabati la chuma lenye kufuli, akaliweka kwenye kona ya banda, kwa kuwa kazini kwao vimiminika vyote hufungiwa na kila anayechukua huandika. Humo akaweka kopo la mafuta mekundu ya breki, gundi, na sili mpya za raba zinazozuia mafuta kupita, na ufunguo akauvaa shingoni kwenye uzi. Mwalimu sasa akinyoosha mkono bila kutazama, husema, "Mke wangu, nipe ile..." na spana hufika.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mama alimwambia Kitinda siku moja alipomwona amenuna. "Mpe muda mwenzio."

"Mama, huyu kuku hana kamba. Ana ufunguo."

Nati ilikazwa na kiungo kikafutwa. Lakini Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kitinda alipitia bandani na kukuta tone jipya. Mafuta yalikuwa yameshuka kidogo ndani ya kikopo kilicho mbele ya miguu ya rubani. Aliona tayari jinsi jioni ingekuwa: wifi angefungua kifuniko, angechungulia, angeandika kwenye daftari, "Yameshuka." Na chini ya neno hilo, bila kuandikwa, lingekuwepo jina lake.

Angeweza kumpigia wifi simu. Angesema, wifi, nakuomba ufunguo, niongeze mafuta kidogo. Maneno machache tu. Lakini simu ilibaki mfukoni. Kuomba ufunguo? Kwenye banda lililojengwa na baba yake? Kwa ajili ya ndege aliyoipigia ribiti mpaka kucha zikang'oka?

Kwenye mfuko wake wa kazi kulikuwa na chupa ya mafuta ya breki za basi, mapya, haijafunguliwa. Yalikuwa na rangi ya manjano hafifu. Miaka tisa alikuwa ametia mafuta hayo kwenye mabasi yaliyojaa watu, na mabasi yalisimama yalipotakiwa kusimama. Kwake yeye, mafuta ya breki yalikuwa mafuta ya breki. Wekundu wa yale ya kabatini aliuona kama madoido ya watu wa ndege. Akafungua kikopo, akaongeza mpaka kwenye mstari, akafuta kingo, akaenda zake kazini akipiga mluzi.

Jioni wifi alichungulia. "Hayajashuka," akasema.

"Nilikwambia," Kitinda akajibu. Usiku ule alilala usingizi mtamu.

Ijumaa breki ikavuja tena, na sasa si kwenye kiungo cha Kitinda. Ilivuja kwenye gurudumu, mahali ambapo sili zilikuwa zimefungwa na wifi. Kitinda alisikia kitu kama asali kikimshuka kifuani. Alijua si vizuri. Alikiacha kishuke.

Wifi alibadilisha sili za gurudumu. Mafuta aliyoyatoa akayamimina kwenye chupa ya maji tupu na kuiweka dirishani. Jumapili uvujaji ukahamia chini ya kanyagio la breki. Jumatatu ukarudi kwenye gurudumu. Kila asubuhi Kitinda alipita, na kila alipoona mafuta yameshuka aliongeza. Sasa haikuwa tena kwa ajili ya kuficha aibu yake. Alitaka tu kaka aone kwamba upande wake uko salama na tatizo ni la mwingine. Aliongeza mara nne kwa jumla.

Uvujaji ule ukawa kama mchawi, leo hapa kesho pale. Wifi akaamua kuutega. Alikausha kila kiungo, akavipaka vyote poda ya mtoto, ili mafuta yakipita yachore njia yake kwenye weupe. Mama akaingia na sinia la chai, akaliona kopo la poda juu ya bawa, akashika kifua.

"Jamani! Mungu ni mwema! Mbona hamkuniambia?"

"Mama, hiyo ni ya breki," Mwalimu akasema haraka.

"Ya nani?"

"Breki. Breki ya kushoto."

Mama aliweka sinia chini taratibu. "Mimi nasubiri mjukuu mpaka magoti yananiuma, ninyi mnampaka poda Kiroboto."

Walicheka wote mpaka chai ikamwagika. Katikati ya kicheko Kitinda alimwona kaka akimtazama mke wake, na mke akitazama chini, na kicheko chake Kitinda kikakatika kama uzi. Miaka saba ya bandani alikuwa amemjua kaka huyu kwa kila namna ya kutazama: ya uchovu, ya hasira, ya kuhesabu. Hiyo moja, ya mume kwa mke, hakuwahi kuipata, na hakuwa na haki ya kuitaka. Bado ilimuuma.

Kufikia Alhamisi jioni poda ilikuwa imechora mistari. Tatizo ni kwamba ilichora mistari mitatu, mahali patatu. Na kwenye mguu wa gurudumu, pale mafuta yalipopita, rangi ya Kiroboto ilikuwa imevimba na kubanduka.

"Hii ndiyo siielewi," wifi akasema, akikuna rangi kwa ukucha. "Mafuta yetu hayali rangi."

Kitinda alikuwa ameshika kitambaa. Mkono wake ulisimama. Mafuta ya basi hula rangi. Kila mwanafunzi wa gereji hupigiwa kelele kwa jambo hilo siku ya kwanza. Wazo likabisha hodi. Hakulifungulia.

"Ni rangi mbovu," Mwalimu akasema. Alikuwa amechoka. Mkaguzi wa ndege alikuwa aje Jumamosi, na kama Kiroboto angekutwa anavuja, zamu yao ingerudishwa nyuma kwa mwezi mzima. "Au ni hizo sili. Ulizipata wapi?"

"Ninapopata siku zote. Ni sili sahihi."

"Kabla hujazibadilisha tulikuwa na tone moja. Sasa tuna mashimo matatu."

"Unasema mimi ndiye ninayeharibu?"

"Nasema miaka sita hakukuwa na matatizo haya."

 Wifi akavua uzi shingoni, akauweka ufunguo juu ya bawa, akachukua mkoba wake na kutoka. Hakubamiza mlango. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Mwalimu alikaa juu ya ndoo. "Kitinda, kesho omba ruhusa kazini. Shika breki peke yako, kama zamani. Mimi sitaki tena madaftari." Akapangusa uso. "Na ile ahadi yangu haijafutika. Kiti cha kulia ni chako."

Kwa hiyo alishinda. Alikuwa amepata banda, kaka, ufunguo na kiti, vyote kwa mkupuo mmoja, bila hata kunyanyua sauti. Alimimina chai iliyobaki akainywa. Ilikuwa imepoa.

Ijumaa asubuhi alikuwa peke yake. Alianza na usafi, kama kawaida yake, na usafi ukamfikisha dirishani kwenye ile chupa ya mafuta machafu. Aliinyanyua akaitupe, jua likapita ndani yake, akaona.

Mafuta yalikuwa yamejitenga. Juu mekundu, chini ya manjano, na mpaka kati yake umenyooka kama uliopigwa rula. Alitikisa chupa, yakavurugika. Aliiweka chini, akasubiri. Yakaanza kuachana tena, taratibu, kama watu walioshikanishwa mikono kwa nguvu.

Alivuta kidogo ya manjano kwa mrija, akayaweka kiganjani, akafungua bomba la maji. Yaliyeyuka na kuondoka yote. Miaka tisa alikuwa akinawa mafuta hayo mikononi kila jioni. Angeyatambua hata akiwa amefumba macho. Kisha akatafuta kwenye takataka sili moja iliyotolewa, akaiweka kando ya mpya kutoka kabatini. Ya zamani ilikuwa imevimba na kulegea, kama haragwe lililolowekwa kando ya lililokavu. Raba ya ndege hii ilikuwa imezoea mafuta mekundu. Yale ya basi yaliifanya ivimbe, itoke kwenye mfereji wake, ipitishe. Kila alipoongeza ili ionekane haivuji, ndivyo alivyoifanya ivuje.

Hakuna aliyejua. Chupa ilikuwa mkononi mwake na shimo la maji machafu lilikuwa hatua mbili tu.

Hebu tuseme ukweli: alizipiga hatua hizo mbili. Alisimama pale, akafikiria. Angemwaga chupa, angesafisha mabomba, angefunga sili mpya, Kiroboto angekauka, na jioni kaka angemkumbatia. Wala usingekuwa uongo kamili, maana kazi angekuwa ameifanya kweli. Wifi angebaki yule mtu ambaye sili zake zilivuja.

Hakumwaga, lakini hakuiacha pia. Aliificha nyuma ya ndoo, akaanza kazi. Alisafisha bomba, akafungua gurudumu la kushoto, akafunga sili mbili, akafanya hivyo kulia, akajaza mafuta mekundu, akatoa upepo kwenye breki. Akakanyaga. Pakavu. Akasubiri saa nzima na kukanyaga tena kwa nguvu zake zote. Pakavu kabisa. Alicheka peke yake bandani.

Ndipo alipotazama pakiti. Sili zilikuwa kumi na mbili. Alikuwa ametumia nne.

Alifungua daftari la wifi, lile alilokuwa akilicheka. Yote yalikuwa yameandikwa, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: mbili kila gurudumu, mbili ndani ya kila kanyagio, makanyagio mawili upande wa rubani na mawili upande wa abiria. Nane hizo za makanyagio zilikuwa ndani ya silinda ambazo Kitinda hakuwahi kuzifungua, na zilikuwa zimeogelea ndani ya mafuta yake kwa wiki moja na nusu. Leo zingeshika. Kesho, mbele ya mkaguzi, huenda zingeshika. Halafu siku moja kaka yake angetua, njia ya kurukia ikimwishia kwenye mtaro wa mawe, angekanyaga, na kanyagio lingezama kama mguu kwenye tope. Na kando yake, kwenye kiti cha kulia, angekuwa ameketi mtu aliyejua sababu.

Aliitoa chupa nyuma ya ndoo.

Karakana ya uwanja wa ndege ilikuwa na sakafu safi ya kijivu, na kila chombo kilikuwa na kivuli chake kilichochorwa ukutani. Wifi alikuwa amevaa ovaroli, macho yamevimba kidogo.

"Kitinda? Mwalimu ana nini?"

"Mwalimu mzima. Mgonjwa ni Kiroboto. Nimemlisha sumu mimi."

Aliiweka chupa mezani. Njiani ilikuwa imetikisika, kwa hiyo walisimama, wanawake wawili, wakingoja mafuta yajitenge. Yalipojitenga, wifi aliinama akaangalia kwa muda mrefu.

"Ya basi?"

"Ya basi."

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Na mekundu yalikuwa pale pale! Kwa nini hukuomba?"

"Yalikuwa kwenye kabati lako."

"Ufunguo ninao shingoni kila siku!"

"Ndiyo hivyo, wifi. Shingoni kwako."

Wifi alinyanyuka. Alikuwa mtu wa upole, lakini upole nao una mwisho wake. "Wiki nzima mume wangu ananiangalia kama mwizi wa kuku. Nimefungua sili zile mpaka nimeanza kujitilia shaka mwenyewe, mimi ninayefungua ndege za watu kila siku! Na wewe unakuja asubuhi na kichupa chako, unamimina, unaenda zako?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Kitinda alikuwa ametayarisha jibu zuri njiani. Lilipotea. "Ananyoosha mkono," akasema, "na spana unampa wewe."

Mashine fulani ilikuwa ikiunguruma upande wa pili wa ukuta. Wifi alikaa tena, akasukuma kigoda kingine kwa mguu, Kitinda naye akakaa.

"Unajua mimi naishi vipi?" wifi akasema, hasira bado iko kooni. "Hapa Kitinda alijikata. Ribiti hii Kitinda aliipiga huku anaumwa malaria. Kila kona ya ile ndege ina hadithi, na mimi simo hata moja. Nilileta lile kabati ili na mimi niwe na kona."

Kitinda hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwonea wivu yeye. Alitazama mikono yake.

"Miaka tisa fundi breki," wifi akaendelea, "hujui mafuta yana aina?"

"Kwenye basi yana aina moja."

"Basi likivuja linapaki kando ya barabara. Huku juu, wifi, hakuna kando." Akajifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukajidanganya. Lakini hizo silinda nane huwezi kuzifungua peke yako, utazikwaruza."

"Si silinda nane. Sili nane."

"Hata mimi najua! Nimekasirika, niache nikosee."

Walimwambia Mwalimu pamoja, jioni, bandani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe kwanza, akasema, "Nisamehe," mbele ya dada yake, kwa sauti wazi ya mtu asiyemeza neno. Ndipo akamgeukia Kitinda.

"Mafuta ni kosa. Kosa hata mimi ningelifanya," akasema. "Lakini jana nilimsema mwenzangu, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Jana nilikuwa sijajua."

"Hukushuku?"

Kitinda alikumbuka rangi iliyobanduka, na wazo lililobisha hodi. "Nilishuku," akasema.

Mwalimu alitikisa kichwa. Hakusema neno kuhusu kiti, na Kitinda hakuuliza. Mkaguzi alipigiwa simu, akawapa tarehe nyingine, mwezi ujao.

Wikiendi tatu mawifi walifanya kazi bega kwa bega, na msidhani ilikuwa asali. Walibishana kuhusu taa, kuhusu kitambaa, kuhusu nani ameacha droo wazi. Wifi alimfundisha kufungua silinda bila kuikwaruza. Kitinda alimfundisha kutoa upepo kwa njia ya gereji, kuanzia chini kwenda juu, kwa nusu ya muda. Kila sili iliyotoka ilikuwa imevimba. Mabomba waliyaosha mpaka yakatoa wekundu mtupu.

Siku ya kujaribu, walimtoa Kiroboto hadi uwanjani kwa trela. Alikuwa bado hajapewa kibali cha kuruka. Angekimbia tu ardhini, kwa kasi, na kusimama. Kiti cha kushoto kilikuwa cha Mwalimu. Cha kulia kilihitaji mtu wa kukanyaga breki za upande wa pili, na Mwalimu alisimama kando ya mlango, akiwatazama wote wawili, akiwa hajui aanzie wapi.

"Apande yeye," Kitinda akasema. "Mimi nitaangalia magurudumu."

Wifi alimtazama kuhakikisha, kisha akapanda, na Mwalimu akakaa kwenye kiti chake. Rafadha ya puani ikazunguka. Kiroboto akakimbia mpaka akawa mdogo, akageuka, akarudi akiunguruma, akasimama palepale alipotakiwa, pua ikiinama kidogo kama anayesalimu.

Kitinda alilala kifudifudi kwenye lami yenye joto, shavu karibu na gurudumu la kushoto. Alipitisha kidole chini ya kiungo, kwenye sili, kwenye mguu uliopakwa rangi upya. Juu yake, kupitia bati alilolishika akiwa msichana, alisikia kaka akisema kitu na wifi akicheka. Wivu ulikuja, ule ule, mbichi kama wa siku ya kwanza. Alidhani ungekuwa umekwisha kufikia sasa.

Alikiangalia kidole chake. Akavuta pumzi na kupaza sauti ili wamsikie wote wawili:

"Pakavu!"

"Una uhakika?" wifi akauliza kutoka juu.

"Pakavu, wifi! Rudieni tena, kwa kasi zaidi. Mimi nipo."